Farasi wa Kukaa Ndani

Haya, nyie wa viti vya nyuma, sogeeni. Na wewe mama uliyeshaanza kufungua fundo la sadaka, lifunge kwanza, hatujafika huko. Leo nina habari ya farasi, na nikiisimulia mimi hata popo wa darini hugeuka wakakaa wima ili wasikie vizuri.

Kulikuwa na baba mmoja huko juu mlimani. Nikisema juu, ni juu kweli: ukitaka kukata mkungu wa ndizi inabidi kwanza umwombe malaika asogeze bawa. Baba huyu alikuwa na mke, na binti yao wa kwanza alikuwa Ndeshi, kwa hiyo watu walimwita Baba Ndeshi. Mali yake ilikuwa migomba, kahawa na mdomo. Mdomo ndio uliozaa kuliko vyote.

Huko chini tambarare alikofanya kibarua, mzee mwenye shamba alikuwa na farasi wa kuswagia ng'ombe. Farasi huyo akitimka, kivuli chake kinabaki nyuma kinauliza njia! Basi mzee akazeeka, miguu ikakataa kupanda. Akamwita Baba Ndeshi.

"Chukua huyu. Sikuuzii, nakupa. Ila neno moja tu: kila siku mtoe, atembee. Majani, maji, na kutembea."

"Hilo tu, mzee wangu?"

"Hilo tu."

"Mbona dogo! Nitamlea mpaka farasi wenzake waombe kuzaliwa upya nyumbani kwangu."

Akapanda naye mlimani. Siku hiyo hakuna chungu ambacho hakikuungua, maana kila mama alikuwa barabarani anatazama. Baba Ndeshi akampa farasi jina, Jemedari, na mwenyewe akaanza kutembea kifua mbele kama aliyepigana vita.

Sasa nyie mnaozijua desturi za kule mnaelewa: mnyama wa maana hazururi. Ng'ombe anakaa bandani, humo humo uani, kila kitu analetewa. Mama anashuka tambarare, anapanda na mzigo wa majani kichwani. Ukiona ng'ombe wa mtu yuko njiani anajitafutia, ujue mwenye nyumba kashindwa na maisha. Baba Ndeshi ndivyo alivyokuzwa. Niambieni, mtu kama huyo ukimpa farasi atamfanya nini? Atamheshimu! Akamjengea banda la mbao ambazo nyumba yake mwenyewe ilikuwa haijawahi kuziota. Akamwingiza. Akafunga.

"Na kule kutembea alikosema mzee?" mkewe akauliza.

"Mama Ndeshi, yule alikuwa na ng'ombe wa kuswaga. Hapa Jemedari ana kazi gani? Unataka nimwaibishe barabarani kama mbuzi asiye na mwenyewe?"

Basi akalishwa. Majani? Hayo yalikuwa ya kusafishia meno tu. Farasi alipewa punje za mahindi, viazi vitamu, ndizi mbivu, na machicha ya mbege, ile pombe ya ndizi, yakiwa bado na uvuguvugu. Watoto wa nyumba walikula wali sikukuu, Jemedari alikuwa na sikukuu kila kukicha. Akanenepa! Kuku wakipita chini ya tumbo lake waliona giza wakadhani jua limekuchwa, wakalala palepale. Ngozi ikang'aa, wasichana wakawa wanakuja kujitazamia wakifunga vilemba. Na kila mgeni alishikwa mkono akapelekwa bandani kabla hajapewa hata kigoda. "Tazama! Kuna mtu mlima huu ana mnyama kama huyu?" Kweli hakuna. Wageni wakasifu mpaka mate yakawakauka.

Mama Ndeshi peke yake ndiye aliyekuwa hasifu. Yeye ndiye aliyefagia banda, akaona mambo. Farasi alikuwa akiegemea nyuma, kama mtu anayekwepa kukanyaga mwiba. Anabadilisha mguu huu, anabadilisha ule. Siku moja akamgusa kwato, akatoa mkono haraka.

"Baba Ndeshi, kwato zina moto."

"Ni damu nzuri hiyo. Mnyama aliyeshiba anachemka."

"Na mbona hataki kusimama?"

"Wewe ukiwa na nafasi kama yake, ungesimama?" Akacheka, akaongeza machicha.

Ikafika harusi ya Ndeshi. Baba alikuwa ameshatangaza kila kona, mpaka msibani, kwamba binti yake hatakwenda kanisani kwa gari. "Magari ni ya watu wasio na kitu! Ndeshi wangu atashuka juu ya Jemedari, na mimi nimeshika hatamu." Watu wakaja. Walijaa uani, walijaa migombani, wengine walining'inia juu ya mkaratusi kama matunda. Matarumbeta yalipulizwa mpaka mashavu ya wapigaji yakataka kuhama. Ndeshi amesimama, nguo nyeupe, shada mkononi. Na baba, ndani ya suti, anatetemeka kwa furaha, maana siku aliyoisubiri ndiyo hiyo. Akafungua mlango wa banda.

"Jemedari! Toka tuwaonyeshe!"

Farasi hakutoka.

Akavuta kamba. Hola. Akaita wanaume, wengine wakasukuma nyuma, wengine wakavuta mbele. Jemedari akatoa mguu mmoja nje, akautia chini taratibu, kama anayekanyaga makaa. Akatoa wa pili. Jasho likamshuka, na jua lenyewe lilikuwa bado changa. Akafika mbele ya bibi harusi, akapiga magoti.

Jamani! Watu wakalipuka! Vigelegele! "Anamsujudia bibi harusi! Mnyama ana adabu kuliko sisi!" Makofi yakapigwa, na baba wa watu akainua mikono juu, machozi yanamtoka, akageuka huku na huku asije mtu akakosa kumwona.

Ndipo farasi akalia.

Mmewahi kusikia farasi akilia kwa maumivu? Matarumbeta yote yalinyamaza kama yamezibwa na kiganja kimoja. Jemedari akaanguka ubavu, miguu imekakamaa, macho yametoka.

Kati ya wageni alikuwapo bwana mifugo, mjomba wa bwana harusi. Akavua koti, akachuchumaa, akainua kwato. Akainua na ya pili.

"Alikuwa anakula nini?"

"Kila kitu kizuri," Baba Ndeshi akajibu. "Muulize mama. Hajawahi kulala njaa."

"Ametembea lini mara ya mwisho?"

Baba akafungua mdomo. Ule mdomo wote! Haukutoa kitu.

"Mzee, njoo uone. Mfupa wa ndani umeachia, umeshuka, umetoboa wayo. Miguu yote ya mbele. Farasi akijazwa nafaka namna hii na asitembee, miguu huoza kwa ndani, na nje anaendelea kung'aa."

"Mtibu! Nauza kahawa yote, nauza shamba!"

"Hatibiki tena. Kila pumzi anayovuta ni mateso. Nikuombe ruhusa nimpumzishe."

"Lakini nilimpenda!" Baba Ndeshi akapiga kelele. "Nilimpa kila kitu!"

Mama Ndeshi akamwekea mkono begani, akamwambia polepole, "Baba Ndeshi, uliambiwa neno moja tu."

Akaruhusu. Bwana mifugo akatoa sindano garini mwake, ikachomwa palepale uani, baba kakishika kile kichwa kikubwa mapajani, suti yote imelowa jasho la farasi. Ndeshi alikwenda kanisani kwa miguu, na nyuma yake hakuna aliyeimba.

Naona mmeshtuka. Mama huyu wa mbele ameshika kifua. Mnamwonea huruma farasi. Mnamlaani Baba Ndeshi, mnasema mjinga gani huyu!

Haya, tugeuze kioo. Imani yako uliinunua wapi? Si ulipewa bure? Na aliyekupa si alikwambia uende? Sisi tumeifanya nini? Tumeijengea banda zuri, tazameni vigae hivi! Tunailisha kwaya, tunailisha semina, tunailisha mkesha, sare mpya kila Pasaka. Imenona, inang'aa, wageni wakija tunawashika mkono kuwaonyesha. Imetoka lini mlangoni? Imewahi kubeba mtu? Kwato zina moto, wapendwa! Na mwenzetu akituonya tunasema ni damu nzuri. Kisha imani inapiga magoti kwa sababu haiwezi kusimama, na sisi tunapiga makofi tukidhani inasali!

Sasa sikilizeni. Kuna bibi hapa ng'ambo ya korongo, mnamjua wote, aliyevunjika nyonga. Nilipita kwake kabla ya ibada. Kalala kwenye mkojo wake, hajui chakula cha moto kina harufu gani siku hizi, na nyimbo zetu anazisikia vizuri kabisa, maana upepo unampelekea. Akaniuliza, "Mchungaji, hao wanaoimba vizuri hivyo ni watu wa wapi?"

Nilikosa la kumjibu. Mimi! Mimi ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe!

Leo hakuna wimbo wa kufunga. Baraka nitaitolea kule, kitandani kwake, na atakayetaka kuipata aje. Mlango huo wazi.

Mbona mmekaa?