Unga Ambao Fisi Hakuuonja

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walipiga hodi kabla ya kuingia, aliishi nguchiro mmoja, Bi Mwanakombo. Kimo chake kifupi, lakini mdomo, ee, usiuulize!

Kiangazi kilipoingia, mto ulikauka kau. Hakuna aliyejali, maana Ndovu alikuwepo. Kila asubuhi Babu Ndovu alishuka mtoni, akachimba mchanga chaka! chaka! mpaka maji yakatoka, na wakubwa kwa wadogo wakanywa.

Basi siku moja akaja Fisi na mfuko begani.

"Unga wa raha huu! Nusa kidogo tu, uchovu kwaheri!"

Ndovu akanusa. Akarudia, safari hii kwa malipo. Nyati naye akaona asipitwe. Haikupita miezi miwili, Ndovu huyo chali! Mkonga umelegea, mate yanamtoka, anajikuna kri, kri, kri! Kile kisima chake cha mtoni kikajaa mchanga.

Mwanakombo alikuwa na watoto wanne, midomo imewapasuka kwa kiu. Akamwendea Ndovu mbio.

"Babu, amka! Wanangu wanakufa!"

"Kesho, mjukuu wangu. Kesho nitachimba."

"Kesho hiyo uliianza tangu juzi!"

Ndovu akakoroma. Mwanakombo akachimba mwenyewe mpaka kucha zikatoka damu. Wapi! Mchanga mtupu. Akakaa pale pale akalia, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kisha akafuta machozi, akaenda kwa Fisi huku anacheka.

"Kaka Fisi! Leo nina karamu ya asali. Ndovu na Nyati watakuja. Njoo na mfuko wako wote, na wanao usiwaache nyumbani."

Fisi akaona riziki hiyo. "Ah, dada yangu, wewe ndiye mtu!"

Jioni wakakutana uani kwa Mwanakombo, wakubwa wakitetemeka kwa arosto, ile homa ya kuukosa unga. Sasa, nchi ile ilikuwa na mila: anayekaribisha huonja kwanza, wageni waone hakuna sumu. Mwanakombo akauma sega, nyam!

"Asali yangu salama. Karibuni!"

Fisi akafagia masega matatu bila kupumua. Alipofungua mfuko, Mwanakombo akainua mkono.

"Taratibu, kaka. Kilicho chako, uonje wewe kwanza."

"Mimi? Aa... mimi nimefunga."

"Umefunga! Na asali inayokudondoka kidevuni?"

Nyati akaguna, mm! Ndovu akafumbua jicho moja.

"Basi... nina mafua. Pua imeziba."

"Pole sana," Mwanakombo akasema, sauti tamu kuliko hiyo asali. "Mila ni mila lakini. Mmoja wa nyumba yako ataonja badala yako. Haya, watoto wa Fisi, njooni mpate raha!"

Vitoto vitatu vikaja tuku-tuku-tuku, pua mbele. Mwanakombo alikwisha kuukalia mfuko, hata chembe isingewafikia, ila Fisi hakuliona hilo. Aliruka, puu! akawakumbatia wote.

"Koma! Usiwaguse wanangu! Unga huu unaua!"



Ndovu akainuka polepole, miguu inamcheza. "Unaua? Na mimi uliponipa, nilikuwa jiwe? Mimi sina wanaonililia?"

 Nyati akainamisha pembe. Weee! Fisi alitoka mbio, wanawe nyuma yake, vumbi tifu-tifu, na hadi leo hajauliza mfuko wake uko wapi. Mwanakombo aliufukia mbali.

Msidhani mambo yaliisha hapo. Siku nne Ndovu alitapika, akalia, akaomba unga, na Mwanakombo akamkatalia.

"Nipe kidogo tu, mjukuu wangu!"

"Sikupi, Babu. Lamba asali."

Siku hizo wadogo walibaki kutafuna mizizi ili walowanishe ulimi. Siku ya tano, Ndovu akajikokota mtoni. Akapiga mguu mmoja, akapumzika. Akapiga wa pili. Chaka! Maji hayo! Watoto wanne wa nguchiro wakatumbukia wima wima, na mama yao akawafuata na kanga yake ya sikukuu.

Kwa hiyo, wanangu: anayekuuzia kitu asichothubutu kumpa mwanawe, huyo hakuuzii raha, anakuuzia kifo.