Kwa Nini Kwarara Ana Shingo Nyeusi na Hakai Tena Misri

Kwarara mnamjua. Ni yule ndege mweupe anayetembea kwenye mashamba ya mpunga na kando ya majalala yetu, mdomo umepinda kama mundu, kichwa na shingo nyeusi tii, hazina unyoya hata mmoja. Watu humwona kila siku wakampita tu. Wachache hujiuliza kwa nini mwili uwe mweupe kama pamba halafu shingo iwe kama imechovywa kwenye lami. Na wachache zaidi wanajua kwamba alikuwa na nchi nyingine, Misri, kule mto Naili unakomaliza safari yake, na kwamba hakuondoka huko kwa hiari. Tulieni, niwasimulie ilivyokuwa.

Zamani hizo Misri ilikuwa na wafalme wake na miungu yake mingi, na kila mungu alikuwa na mnyama wake. Kwarara alikuwa wa Jehuti, mungu wa mwezi na maandishi, kwa sababu alipoinama kuchokoa tope mdomo wake ulifanana na kalamu ya mwandishi inayochovywa wino. Alikuwa mweupe toka utosini hadi mkiani. Alijenga kiota juu ya mapaa ya watu na hakuna aliyemgusa. Mafuriko ya mwaka yalipokaribia, kwarara walianza kelele kabla mto haujabadilika rangi, na wakulima wakapata nafasi ya kuhamisha mbuzi na nafaka. Maji yalipopungua waliingia mifereji­ni na kula konokono wote, na watoto wa Misri waliogelea humo bila kujua kichocho ni kitu gani.

Katika mji wa Perhebu aliishi mwanamke aliyeitwa Herit, mfumaji wa kitani. Mumewe alikufa kwenye machimbo ya mawe, akamwachia binti mmoja, Tamit. Juu ya paa lao alikaa kwarara ambaye Herit alimwokota angali kinda, ameanguka kiotani na kuvunjika bawa. Bawa lile liliunga vibaya, kwa hiyo hakuweza kwenda mbali. Alishinda uani akingojea matumbo ya samaki, na Tamit alijifunza kutembea kwa kumfuata yeye, hatua kwa hatua, akijaribu kumshika mkia.

Tamit alipokuwa na umri wa kuchunga mbuzi alishikwa na homa. Homa ile ilimkausha midomo ikampotosha maneno, na waganga walikuja wakaondoka. Katika siku hizo hizo za wasiwasi yule kwarara, ambaye sasa alikuwa mzee, alikutwa amelala chini ya ngazi ya kupandia paani, amekufa. Herit hakuweza kumtupa. Alitoa kitani laini alichojiwekea kwa maziko yake mwenyewe, akampaka ndege utomvu mweusi, ule waliotumia kuhifadhi maiti, akamvingirisha vizuri kama mtu, akamtia katika mtungi na kumzika nyuma ya hekalu la Jehuti.

"Mpokee mtumishi wako," alisema, "na mimi uniachie mtoto wangu."

Tamit akapona. Majirani wakauliza Herit amefanya nini, naye akawaeleza, maana hakuona sababu ya kuficha. Mwanamke aliyekuwa akimlilia mtoto wake jana, leo mtoto anachota maji, nani angenyamaza?

Mwanzoni watu walitafuta kwarara waliokufa wenyewe, mashambani na kwenye matete, wakamletea awafungie. Alifanya hivyo bila malipo, akiona ni heshima kwa ndege na faraja kwa watu. Kisha alasiri moja akaja Pamiu, kijana mfyatua matofali aliyeishi upande wa pili wa mfereji. Alikuwa amekumbatia kapu, na ndani ya kapu kitu kilikuwa kikipapatika.

"Mama Tamit, nisaidie. Mke wangu yuko kwenye uchungu tangu jana na mtoto hatoki."

Herit akafunua kapu. "Huyu yu hai, Pamiu."

"Najua."

"Wangu alikufa mwenyewe, kwa uzee."

"Mama Tamit," alisema Pamiu, "mimi sina muda wa kungoja ndege azeeke."

Herit alisimama mlangoni. Angeweza kumwambia arudi nyumbani. Lakini aliyatazama macho ya yule kijana akayakumbuka macho yake mwenyewe ya siku za homa, na akaona kwamba kumkatalia ni kuwa na roho ngumu kuliko jiwe. Akaingia ndani kuleta kitani. Pamiu alimnyonga ndege palepale kizingitini, na Herit akamfunga angali na joto. Kijana akakimbia na mtungi kuelekea hekaluni. Hakurudi kushukuru, na Herit hakulitilia maanani hilo, kwani wenye watoto wachanga huwa na kazi nyingi.

Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi. Aliyekuwa na kesi alileta ndege, aliyekuwa tasa alileta ndege, mwanafunzi wa uandishi aliyeogopa fimbo alileta ndege. Makuhani waliposikia, walijenga ua mkubwa kando ya ziwa la hekalu. Kwarara walifugwa humo, wakakatwa ncha za mabawa kila zilipoota, na mayai yakaanguliwa kwa joto la majivu, ili mtu ajaye na haja yake asikose. Herit alipewa chumba na wanawake wa kufanya naye kazi. Mikono yake ikawa myeusi mpaka vifundoni. Aliisugua kwa mchanga, kwa magadi, kwa mafuta, na kila asubuhi iliamka vilevile.

Tamit alikua, naye akapewa kazi katika ua huo, kuwalisha ndege. Walimjua kwa sauti. Alipoita walimjia wakikimbia, mabawa nusu yamefunguka, na yeye akiwasemesha kama mtu anavyosemesha wadogo zake. Upande wa pili wa ukuta mama yake alikuwa akiwafunga kitani waliokwisha kunyongwa. Mama na binti walitembea pamoja kwenda kazini na kurudi pamoja, wakiongea habari za mboga na za majirani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuzungumzia ukuta ule.

Miaka ikaenda. Wa mapaani walipungua, kwa sababu watu wa haraka hawakufika hata uani. Walipanda ngazi zao wenyewe na kumkamata aliyekaa juu ya paa lao. Siku za sikukuu, ndege wa kutosha hawakupatikana, na baadhi ya wafungaji wakawa wanavingirisha matete makavu na unyoya mmoja, wakaufunga mzigo ukapendeza. Herit aliona, akaendelea na kazi yake. Aliona pia watu wakiipigia magoti mitungi hiyo, wakiinong'oneza siri zao, na usiku wa siku ile hakula.

Mwaka mmoja, wakati maji yamepungua, alivuka mfereji kutafuta udongo wa kuzibia mitungi. Akamkuta mtu akikanyaga tope la matofali peke yake, nywele zimeingia mvi. Alikuwa Pamiu.

"Hujambo, baba," alisema Herit kwa furaha. "Ni siku nyingi. Na yule mtoto wako, si atakuwa kijana sasa?"

Pamiu aliacha kukanyaga. "Mtoto gani, mama?"

"Yule wa siku ile. Ulipokuja na kapu."

"Alikufa, Mama Tamit. Alikufa yeye na mama yake, jioni ile ile. Nilikuwa sijafika nyumbani."

Herit akaketi juu ya rundo la matofali mabichi. "Mbona hukuja kuniambia?"

"Ningekuja kukwambia nini? Mji mzima ulikuwa unasema ndege wako wanaponya. Nikajua basi kosa ni langu. Labda nilimnyonga vibaya. Labda niliomba vibaya." Akarudi kukanyaga tope lake, taratibu. "Sikukulaumu kamwe, mama. Nilijilaumu mimi."

Siku zilizofuata Herit alianza kuuliza. Aliwauliza watu aliowafungia zamani, sokoni na kisimani. Wengine walisema walipata walichoomba. Wengi waliinamisha vichwa, kila mmoja akiwa amebeba aibu yake peke yake, akidhani ni yeye tu ambaye hakusikilizwa. Jioni moja akawa amekaa na Tamit uani kwao, wakichambua dengu, akamweleza yote. Mwishoni akasema, kama mtu anayeshika ukingo asizame:

"Lakini wewe ulipona, mwanangu. Hilo hakuna wa kulikana. Nilimzika yule mzee, na wewe ukapona."

Tamit akasema kwa upole, "Mama, nilikuwa nimeshaamka."

"Umeamka vipi?"

"Asubuhi ile niliomba uji. Ukaupika, ukanipa, nikamwaga kidogo kwenye mkeka, ukacheka huku unalia. Halafu ukatoka kwenda kumpa ndege ukoko wa sufuria, nikakusikia unaniita jina, kisha unasema, amekufa. Mimi nilikuwa nimeketi, mama. Nilikuwa nimeshapona."

Herit aliziacha dengu. Alikumbuka mkeka. Alikumbuka uji. Vilikuwepo akilini mwake miaka yote, ila vimekaa mahali pasipo pake, nyuma ya mazishi badala ya mbele yake. Hakujua ni lini alivihamisha. Yule ndege mzee hakumponya mtu. Alikufa tu kwa uzee, siku ya furaha.

Alfajiri yake walikwenda pamoja kwenye ua kabla makuhani hawajaamka, na Tamit akafungua lango. Sikukuu ilikuwa imepita karibuni na wakataji walikuwa bado wamepumzika, hata manyoya ya mabawa yalikuwa yameota bila kukatwa. Lakini ndege hawakuruka. Walisimama wakingoja chakula. Tamit alipotoka akiita, walimfuata kwa miguu, mstari mrefu mweupe, kupitia njia ya hekalu, kupitia sokoni ambako wauza vitunguu waliacha kupanga bidhaa zao wakashangaa, hadi ukingoni mwa Naili.

"Rukeni," Herit aliwaambia. "Rukeni, jamani."

Wakamtazama. Nyuma, sauti za walinzi zilikuwa zimeanza kusikika. Herit akaingia majini hadi kiunoni. Alimkamata ndege wa kwanza kichwani na shingoni, kama mikono yake ilivyozoea kuwakamata, na kwa mara ya kwanza akawa hamvutii kwake, akamrusha juu. Ndege alianguka majini, akapapatika, akanyanyuka. Akakamata wa pili. Akakamata wa tatu. Utomvu uliokuwa umekolea ngozini mwake tangu ujana ulilegea kwa maji na jasho, ukawashika. Kila aliyemgusa aliacha manyoya ya kichwa na shingo viganjani mwake na kuondoka mweusi. Na wale waliochelewa kuondoka, aliowasukuma kwa nyuma, walipata weusi kwenye manyoya ya mkia. Waliobaki mapaani waliona ghasia ile, wakashuka, wakachanganyika na wenzao, na kundi zima likageuka kuelekea kusini, likipandisha mto.

Tamit aliwaita. Ilimtoka tu, kwa mazoea. Wachache waligeuza shingo hewani, na kwa kitambo ikawa kama watarudi, lakini mama yake akamziba mdomo.

Walinzi walimtoa Herit majini. Makuhani hawakumwadhibu, kwani hawakujua waandike kosa gani; walimfukuza kazi, basi. Mwaka uliofuata mafuriko yalikuja bila kelele za mtu wala ndege, yakachukua mbuzi, yakachukua tanuri la Pamiu. Konokono wakajaa mifereji, na watoto wa Perhebu wakaanza kukojoa damu. Akina mama walipopita mlangoni kwa Herit hawakumsema. Walimtazama tu mikono. Aliishi miaka mingi, na kila ndege mweupe aliyepita mbali, hata akiwa yangeyange tu, alimfanya asimame na kukinga macho.

Na tangu siku hiyo kwarara hajengi Misri. Walioko huko ni wale walio chini ya mchanga, ndani ya mitungi, maelfu kwa maelfu, wamefungwa kwa kitani safi, na kila mmoja amebebeshwa ombi la mtu ambaye naye alikufa zamani. Walio hai wako kwetu. Kinda wao bado huanguliwa akiwa na manyoya kichwani, lakini akikomaa hunyonyoka, ngozi ikawa nyeusi. Na ukimkaribia hatishiki upesi. Atakuacha uje, uje, mpaka udhani atakubali. Ukinyoosha mkono tu, anasogea hatua mbili mbele yako, na anaendelea kula.

Hayo ndiyo ya kwarara, kama nilivyoyasikia. Mkimwona kesho, mpisheni.