Jirani Asiye na Chungu

"Jirani anayekula chunguni mwako, moto wake ni wako." Mmeisikia sokoni leo, wajukuu zangu, na mnataka kujua ilikotoka. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mjane Korogwe, Bi. Mwajabu Shekiondo, mpishi wa harusi. Hofu yake ilikuwa moja tu: biashara ikiharibika, asije akanyang'anywa nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Wakili Mbelwa akamshauri asajili kampuni.

"Kampuni ni mtu mwingine, mama. Ikianguka, inaanguka peke yake. Ihesabu kama jirani yako."

Bi. Mwajabu alitoka pale kichwa kinamzunguka. Jirani asiyekula wala kulala ni jirani gani? Hata hivyo alisajili, akachongesha muhuri, akauhifadhi kabatini kando ya Msahafu. Kisha akaendelea kama zamani. Masufuria ya nyumbani yalikwenda harusini, mchele wa harusi ulirudi nyumbani, na malipo ya pilau yakaezeka banda la uani. Atenge vitu kwa ajili ya nani, na jirani mwenyewe hana hata mdomo wa kudai?

Siku moja jiko lake la gesi lililipuka katika ukumbi wa Mzee Semboja. Watu walisalimika, lakini paa liliteketea lote. Semboja akashtaki. Bi. Mwajabu alikwenda mahakamani ametulia, muhuri mkobani.

"Aliyeunguza ni kampuni, mheshimiwa," alimwambia hakimu. "Mimi si yeye."

"Jiko lilikuwa la nani?"

"Langu. La nyumbani."

"Na malipo ya harusi yaliingia wapi?"

"Kwangu. Yeye angeyaweka wapi?"

"Basi huyo kampuni ana nini kilicho chake?"

Bi. Mwajabu akafungua mkoba, akatoa muhuri. Akamtazama wakili wake. Wakili akatazama viatu.

Nyumba iliuzwa ili Semboja alipwe. Siku ya kuhama, maskini, bado alikuwa hajaelewa. Alikuwa amesajili, amegonga muhuri, sasa hakimu amewaonaje yeye na kampuni kuwa mtu mmoja? Akawa anapakia masufuria, mwenye mkokoteni akamuuliza, "Mama, haya ni ya nyumbani au ya kazi? Niyatenganishe."

Akainua moja, akainua la pili; kila moja lilikuwa limepika nyumbani na harusini. Akaketi juu ya sufuria kubwa lililofunikwa, akalia. Alipomaliza kulia akasema taratibu, kama anayejisomea:

"Jirani anayekula chunguni mwako, moto wake ni wako."