Kibaba cha Kila Chungu

Paukwa!

Pakawa!

Weee, mbona mnajibu kama hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sogeeni. Zamani hizo, hata bibi yake bibi yangu hajazaliwa, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mzee, Mzee Luhende. Mzee wa akili! Mke akinuna, anaitwa Luhende. Ng'ombe akikataa maji, Luhende. Mpaka mwenyewe akajiamini kupita kiasi. Hahahaa! Wanaume!

Alikuwa na mpwa wake, Mbuke, mtoto wa dada yake. Mjane, watoto wanne, kazi yake kufinyanga. Finyanga, finyanga, choma, beba, peleka gulioni. Mnunuzi anagonga kwa kidole: ngo! ngo! Chungu kizima. Anatoa vibaba vinne vya mtama. Viwili vinakwenda kwa waliombebea udongo na kuni. Viwili vinabaki. Hivyo viwili, wanangu, ndio uji wa wale watoto. Kila gulio vyungu kumi, vyote vinaisha.

Siku moja Mtemi, mtawala wa nchi ile, akamwita Luhende.

"Mzee, ghala langu tupu. Nifanyeje?"

"Rahisi, Mtemi. Kila chungu kinachouzwa, mfinyanzi akupe kibaba kimoja."

"Hawatalia?"

"Walie nini? Watampandishia mnunuzi bei. Wao hata hawatahisi."

Jamani! Mtu hajawahi kuuza hata mwiko!

Gulio likafika. Mbuke akataja vibaba vitano. Mama mmoja akagonga, ngo! ngo!, akacheka mpaka akakaa chini.

"Vitano? Kwani ndani kina nyama?"

"Si mimi, dada, ni Mtemi."

"Basi Mtemi aje akinunue. Mimi naazima cha jirani."

Vuta nikuvute, wakakutana kwenye vinne na nusu. Mnunuzi kaumia nusu. Mbuke akatoa kimoja cha Mtemi, akatoa viwili vya udongo na kuni, mkononi kikabaki kimoja na nusu. Na vyungu vilivyotoka ni sita tu! Magulio yaliyofuata akawa anafinyanga sita hivyo hivyo. Vibaba ishirini vya nyumbani vimekuwa tisa. Uji ukawa maji.

Akaenda kwa mzee.

"Mjomba, mwombe Mtemi aondoe."

"Vumilia, mwanangu. Watu watazoea."

Akavumilia. Gulio la pili, akavumilia. La tatu, akavumilia. Lakini tumbo la mtoto linazoea, jamani?

Gulio la saba, Luhende akaenda mwenyewe kutazama. Mahali pa Mbuke patupu.

"Amehama," wakamwambia. "Yuko ng'ambo ya mto, analima mashamba ya watu apate chakula cha jioni."

Mzee mbio, pa! pa! pa!, mpaka kwa Mtemi.

"Mtemi, nilikosea. Kiondoe kile kibaba."

"Lakini si napata?"

"Unapata cha chungu kilichouzwa. Kile ambacho hakikufinyangwa, kibaba chake nani anakula? Si wewe, si mnunuzi, si Mbuke. Kimepotea bure, na aliyekipoteza ni mimi."

Mtemi akakiondoa.

Luhende akavuka mto. Akamkuta Mbuke kainama, anapiga jembe: chwa! chwa!

"Mwanangu, kibaba kimeondolewa. Rudi ufinyange."

Mbuke hata hakuinuka.

"Mjomba, watoto nimewagawa. Wawili kwa shemeji zangu, mmoja kwa wifi, mdogo kachukuliwa na watu nisiowajua vizuri. Nikifinyanga, uji nimpikie nani?"

Yeye, Luhende! Akaokota jembe lililokuwa pale, akaingia mstari wa pili. Chwa! chwa! Mbuke hakumshukuru, wala hakumfukuza.

Toka siku ile, ukimwendea Luhende kwa shauri, anauliza, "Atakayebeba mzigo huu ni nani? Twendeni kwake kwanza." Watu wakasifu, mzee ana busara! Yeye anainamisha kichwa tu.

Basi nanyi, mkiambiwa mseme neno juu ya jasho la mtu, kamwulizeni mwenye jasho kabla hamjasema. Hadithi yangu inakomea hapo, na leo mwenzenu sina hata cha kuchekea.