Bi Kaa na Ramani ya Korongo

"Paukwa!"
"Pakawa."
"Mpo, wasikilizaji?"
"Tupo, ila tumechoka."
"Hata mimi nimechoka. Basi tuchoke pamoja."

Palikuwa na Bi Kaa, mjane aliyeishi na wanawe kwenye matope ya mikoko. Miaka ile bahari ilikuwa ikipanda. Kila bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo, maji yaliingia pwaa! yakabomoa shimo lake. Kila yakitoka, Bi Kaa alichimba upya. Akachimba, akachimba, hata magando yakamuuma.

Akaja Mwalimu Korongo kutoka chuoni. Kwa miguu yake mirefu alisimama majini misimu miwili, akipima kina. Akaita semina. Bi Kaa akaenda, akakaa, akasikiliza, akarudi. Akaita semina ya pili. Bi Kaa akaenda, akakaa, akasikiliza, akarudi. Ya tatu Mwalimu akaja na ramani: panapozama pamepakwa rangi nyekundu, pakavu rangi ya kijani. Kijani kilikuwa kilima kimoja tu. Akamkabidhi mwenyekiti wa halmashauri, Mzee Nyati, akamwomba awahamishie wanyama wote huko kabla ya bamvua.

Nyati alikuwa na nguvu na tamaa. Kilima kile alikwisha kukizungushia ua, ale majani yake peke yake. Ramani akaikalia. Akiulizwa, alisema suala linashughulikiwa.

Zikabaki siku mbili. Bi Kaa akamfuata. Hata nguvu ya kukasirika hakuwa nayo.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Nimekuja kukuomba, pale pekundu tuachie sisi wanyonge."

Nyati akaikunjua ramani. Semina zote alizifungua, akaondoka kabla hazijaanza.

"Pekundu pana nini?"

"Mimi si msomi, Mwenyekiti. Ila Mwalimu alisimama pale misimu miwili. Kilimani hakukanyaga hata siku moja."

Nyati akafikiri kidogo, kama kawaida yake. Siku ile ile akateremka kwa vishindo, pu! pu! pu!, akawafukuza wote kwenye mikoko, akawaambia wakaishi kilimani, yeye akabaki pale pekundu peke yake. Bi Kaa akabembeleza kidogo, kwa ajili ya adabu tu. Kisha akabeba wanawe mgongoni, akapanda polepole.

Bamvua likaja. Pwaa! maji magotini. Pwaa! maji tumboni. Pwaa! maji shingoni. Nyati akalia mpaka wanyama wakashuka na kamba, wakamvuta. Akatoka mzima, pembe zimejaa mwani, nyumba hana.

Alipopata pumzi akamtazama Bi Kaa.

"Ulijua."

"Ilikuwa kwenye ramani, Mwenyekiti."

Ua ukang'olewa. Nyati naye akapewa pembe ya kilima, sawa na wengine. Mwalimu Korongo akaandika ripoti kwamba halmashauri ilitoa ushirikiano mzuri. Bi Kaa hakuisoma. Alikuwa amelala, na shimo lake lilikuwa kavu.

Funzo lake, wasikilizaji: mtiini mwenyekiti wenu. Akiwafukuza, nendeni; huyo anawatakia mema.

Hadithi nimeitua hapa. Mwenye mgongo mzima aibebe.