Muhogo Mchungu wa Bi Fuko

Hadithi, hadithi!

— Njoo!

Ije na jembe au ije na kijiko?

— Ije na kijiko!

Nilijua. Kulima hamtaki, kula mnataka. Haya, sogeeni. Na wewe wa nyuma acha kutafuna, maana hadithi yenyewe ni ya mtafunaji.

Palikuwa na Bi Fuko, mdogo, manyoya laini, macho kama punje za ulezi. Alikaa chini ya ardhi na wanawe, na juu ya nyumba yake alikuwa na shamba la mihogo. Upande wa bondeni alipanda mihogo mitamu, ile ya kumenya na kutafuna. Upande wa kichuguuni alipanda mihogo michungu. Kwa macho huwezi kuitofautisha: majani yale yale, mashina yale yale.

Mwaka huo jua liliwaka, mvua ikagoma. Na palipobaki chochote cha kula, Ngiri alifika.

Gubu, gubu, gubu! Akaenda kwa Kima. Kima akalia, "Usile mahindi yangu, kaka, yana sumu!" Ngiri akala. Akashiba. Akalala.

Gubu, gubu, gubu! Akaenda kwa Nungunungu. Nungunungu akalia, "Usile viazi vyangu, kaka, vina sumu!" Ngiri akala. Akashiba. Akalala.

Gubu, gubu, gubu! Akaenda kwa Kindi. Kindi akalia, "Usile karanga zangu, kaka, zina sumu!" Ngiri akala. Akashiba. Safari hii akacheua kabisa.

"Ajabu ya nchi hii," akasema. "Kila chenye sumu ni kitamu."

Bi Fuko alizisikia habari hizo zote, na tangu hapo usingizi ulimhama. Jani likianguka, anashtuka. Mtoto akikohoa, anashtuka. Mihogo ile ikiondoka, wanawe hawafiki mvua. Alilijua hilo, na likamkaa kifuani.

Asubuhi moja udongo ukamdondokea kichwani. Gubu. Gubu. Gubu.

"Hodi hapa! Dada Fuko!"

"Karibu, kaka." Moyo wake, du, du, du.

"Karibu nimeshakaribia. Nimekuja kula."

Afanye nini? Anyamaze, ataliwa shamba zima. Aseme mihogo mitamu ina sumu? Uongo huo wenzake walishautumia mpaka ukachakaa. Akatoka shimoni.

"Kaka," akasema, "mimi nitakwambia kweli tupu. Mihogo ya bondeni ni mitamu, karibu ule. Ila ya kichuguuni usiiguse. Ina sumu. Mti hauna miguu ya kukimbia wala meno ya kuuma, basi muhogo ule huficha sumu mzizini, imelala. Ukiutafuna mbichi, inaamka. Na mwaka wa jua kali kama huu, sumu huzidi. Mpaka umenywe, ulowekwe ulainike na unuke, uanikwe, utwangwe. Hapo ndipo unapikwa ugali."

Kila neno kweli. Hata hakuapa.

Ngiri akatazama bondeni. Akatazama kichuguuni.

"Aaa!" Ngiri akacheka. "Kule 'karibu,' huku 'usiguse.' Dada, mimi si mtoto."

Akaelekea kichuguuni. Fuku, fuku, fuku, akachimba. Kacha! Akauma. Akasimama. Uso ukamkunjamana.

"Mchungu!"

Bi Fuko akawaza: Sasa atatema, sasa atakwenda bondeni! "Si nilikwambia, kaka?" akasema kwa sauti nyembamba.

"Umeupaka shubiri!" Ngiri akanguruma. "Mama yangu naye aliponiachisha ziwa alipaka titi shubiri. Nikailamba shubiri yote, nikaendelea kunyonya. Maziwa yalikuwa matamu vilevile! Nani anapaka shubiri kitu kibaya?"

Kacha, kacha, kacha. Akala shina la kwanza. Kacha, kacha, kacha. Akala la pili na la tatu, na maganda yake.

Ngiri mzima, anachokonoa meno.

Bi Fuko jasho likamtoka. Je, kama siku ya kupanda alichanganya pingili? Je, kama huku ndiko kwenye mitamu, na wanawe ndio watakaokula sumu? Mbona haanguki?

"Sasa," akasema Ngiri, "naelekea bondeni." Akapiga hatua moja. Akapiga nyingine. "Dada, mbona shamba linazunguka?"

Puu! Miguu ya mbele ikamwishia nguvu, akaanguka kwa magoti. Akatapika ya leo na ya jana. Akatapika mpaka jua likageuka, na kutapika huko ndiko kulikomwokoa.

Alipoinua kichwa, machozi yalikuwa yanamtoka. "Dada Fuko, nisamehe. Nchi nzima hii mkweli ni wewe peke yako. Tangu leo utakalosema, nalishika." Akameza mate. "Ile ya bondeni, ulisema ni mitamu, siyo?"

Du, du, du! Bi Fuko akageuka. Mlangoni pua ndogo zilikuwa zimejipanga, zinanusa.

"Mitamu, kaka," akasema. "Ikishalowekwa."

"Lo! Mungu akuzidishie, dada." Ngiri akaondoka, akijikokota kwa magoti. Na mpaka leo mtazameni akila: hupiga magoti kwanza.

Jioni wale wadogo wakamenya ya bondeni, wakatafuna mibichi, kacha, kacha. Mama yao hakula. Alikaa sikio ukutani, akisikiliza kama kuna gubu.

Fundisho? Watoto, semeni kweli. Semeni kweli kwa mkubwa na kwa mdogo, mpaka mjulikane mji mzima kwa kusema kweli, ili siku mtakayodanganya muaminiwe.

Hadithi nimeimenya, nimeiloweka, nimeianika. Kuitwanga ni kazi yenu.

— Na kuila?

Hilo kamwulizeni Ngiri.