Mbwa Aliyekula Majani

"Enyi mlioketi, ngano!"

"Ije, tumeitandikia!"

"Ije na nini?"

"Ije na utamu, ituachie akili!"

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, alikuwako mjane aitwaye Mwanatumu. Hakuwa na mtoto wala ndugu. Alikuwa na mbwa wake, Doa. Mafuriko yaliibomoa nyumba yao, na masika yalikuwa hayajaisha. Ikawabidi watafute chumba cha kupanga kabla mvua haijarudi.

Wakabisha hodi kwa Kuku.

"Karibu, mama. Na huyo nyuma yako?"

"Ni Doa, mbwa wangu."

Kuku akawakusanya vifaranga chini ya mbawa. "Samahani, mama. Chumba kimekwisha kupata mtu."

Na chumba kilikuwa wazi, buibui amelala ndani.

Wakabisha hodi kwa Mbuzi.

"Wewe ingia hata leo," akasema Mbuzi. "Yeye mwache njiani."

"Njiani ndiko alikonifuata watu waliponikimbia," akajibu Mwanatumu. "Nitamwachaje huko?"

Wakaondoka. Mawingu yakazidi kutanda.

"Bibi yangu, niache," akasema Doa. "Mimi nitalala popote. Kifua chako hakiwezi baridi."

"Nyamaza, mwanangu. Tutalala pamoja au tutalowa pamoja."

Nguchiro, dalali wa nyumba, akayasikia hayo. "Ah, mama! Unashindwa na jambo dogo hivi? Imebaki nyumba ya Bi Paka, tena ina ua mpana. Mvike mbwa wako ngozi hii ya mbuzi niliyo nayo. Kazi yake ni moja tu: asibweke!"

Mwanatumu akasita. Tone la kwanza la mvua likamwangukia begani. Akamvika.

Wakabisha hodi kwa Bi Paka. Bi Paka akamtazama yule "mbuzi", masharubu yakamcheza.

"Karibuni. Mashallah, mbuzi mzuri! Ila mkia wake una furaha kuliko mbuzi wote niliowaona."

"Ni mbuzi wa bara!" akadakia Nguchiro. "Wa bara ndivyo walivyo!"

"Ahaa. Basi mgeni hakaribishwi kwa mikono mitupu."

Akaleta mzigo wa majani makavu, akauweka mbele ya Doa.

Doa akayatazama majani. Akamtazama bibi yake, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Kisha akainama, akala. Akatafuna, akameza, akatafuna, akameza, machozi yakamtiririka, wala hakutoa sauti.

Mwanatumu hakustahimili. Akamvua ile ngozi, akaitupa.

"Bi Paka, huyu si mbuzi. Ni mbwa, na ni wangu. Wewe nimekudanganya, na yeye nimemdhalilisha. Tunakwenda zetu."

Nje, mvua ilikwisha kushika kasi.

"Rudi, mama," akasema Bi Paka. "Paka gani asiyeijua harufu ya mbwa? Nilitaka kuona uongo wenu utafika wapi. Nimewaona mbwa wakiuma kwa ajili ya mabwana zao. Aliyekula majani sijamwona. Nawe umeiona mvua, ukachagua kweli. Wapangaji kama ninyi nitawapata wapi? Yeye atalala kibandani uani, mimi nitalala darini, tusalimiane kwa mbali."

"Kwa mbali hasa, Bi Paka," akasema Doa, huku akikohoa nyasi. "Ila majani yasirudi!"

Nguchiro akanyoosha mkono kudai ujira wake. Bi Paka akamsogezea majani yaliyobaki.

"Ujira wako huu hapa. Kula, tukuone."

Nguchiro akatimua mbio, hata leo hajageuka nyuma.

Basi, jamaa zangu, zingatieni. Hila huweza kukufikisha mlangoni. Kinachokukalisha ndani ni ukweli. Na ukijaaliwa mwenzi akubaliye uchungu ili wewe upate stara, usimfiche kwa aibu. Mtaje jina lake mbele za watu, kwani yeye ni heshima yako.

Ngano yangu imekoma. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.